Usishindane na Chuma Kigumu: Namna ya Kutoboa Springi ya Gari



Mvua za masika zikikaribia, kila mkulima wa skimu hukagua vyombo vyake. Hapo ndipo aonapo ya kuwa jino moja la kultiveta limekatika, au ulimi wa plau umelika mpaka karibu na bolti. Kipuri cha dukani ni ghali, na pengine hakipo. Lakini nyuma ya ghala iko springi kuukuu ya lori, na springi hiyo ni chuma bora kuliko chote alicho nacho. Kazi iliyobaki ni kuikata, kuikunja, na kuitoboa matundu mawili ya bolti. Kukata kwawezekana. Kukunja kwawezekana. Penye matata ni kutoboa.

Wengi wenu mna mtoto au ndugu akaaye hapa Nairobi katika mitaa ya Eastlands, na humpelekea kazi hii aifanye kwa drili yake ya nyumbani. Nimepata kuona kazi hiyo ikifanywa katika kibanda kimoja nyuma ya nyumba za Kaloleni. Kijana alikuwa amefunga kipande cha springi, naye akaikandamiza drili kwa nguvu zake zote. Biti ikalia, ikatoa moshi, ncha ikawa buluu. Akatia ya pili, nayo ikaungua. Ya tatu ikavunjika. Kwenye springi palikuwa na alama inayong'aa tu, kama kijishimo cha kidole. Baba yake, aliyetoka shambani kwa basi la usiku, alikuwa ameketi juu ya debe akitazama. Pesa alizotaka kuokoa kwa kutonunua kipuri zilikuwa zimekwisha katika biti tatu.

Jirani, fundi wa siku nyingi, akapita akauliza, "Mzee, kitu hiki mmekitia motoni?"

"Hapana, fundi. Moto wa nini, nasi twataka kutoboa?"

"Basi mtanunua biti mpaka kesho."

Neno la fundi huyo ndilo somo letu la mwezi huu. Chuma kigumu hakishindwi kwa nguvu. Hushindwa kwa moto, kwa subira, na kwa biti ifaayo.

KWA NINI CHUMA HIKI NI KIGUMU

Chuma cha kawaida, kama kile cha dirisha au cha nondo nyembamba za geti, kina kaboni kidogo sana. Kaboni ni kitu kile kile kilichomo katika makaa. Katika chuma laini haizidi sehemu 3 katika kila sehemu 1,000. Katika springi ya gari hufika sehemu 5 au 6 katika 1,000, tena huongezwa madini mengine kama kromi, manganisi au silikoni. Hicho ndicho wazee walichokiita chuma cha pua, na mafundi wa leo hukiita stili.

Kaboni peke yake haitoshi. Kiwandani springi hutiwa moto mpaka iwe nyekundu, kisha hutumbukizwa ghafla katika mafuta. Ule ubaridi wa ghafla huifunga kaboni ndani ya chuma, nacho kikakakamaa. Halafu hutiwa moto mdogo tena ili kisikatike kama kioo. Basi ugumu wa springi umetokana na moto na ubaridi. Ukilijua hilo umejua pia namna ya kuuondoa, kwa maana kilicholetwa na moto huondolewa na moto.

KIPIME KABLA HUJAKIGUSA

Chukua tupa nzuri, si ile iliyokwisha meno. Safisha kutu mahali padogo, kisha piga tupa kwenye ukingo wa chuma.

1. Tupa ikila upesi na unga wa chuma ukaanguka, chuma ni laini. Biti ya kawaida, ile iliyoandikwa HSS, itakitoboa.

2. Tupa ikila kwa shida, kidogo kidogo, chuma ni kigumu kiasi. Springi nyingi za gari na sahani za plau ya trekta ziko hapa. Biti ya kawaida itaungua upesi.

3. Tupa ikiteleza kama juu ya kioo, chuma kimekuwa kigumu kama tupa yenyewe. Usijaribu biti ya kawaida hata mara moja.

Kipimo hiki hakichukui dakika mbili, nacho kitakuokolea biti nyingi.

TAFUTA KWANZA TUNDU LILILOPO

Majani ya springi ya lori hufungwa pamoja kwa bolti moja ipitayo katikati. Kwa hiyo karibu kila jani lina tundu katikati yake, lililotobolewa kiwandani. Fundi mwenye akili hupima kwanza, kisha hukata kipande chake hivi kwamba tundu lile liangukie pale anapotaka bolti. Akihitaji bolti mbili, tayari amepunguziwa nusu ya kazi. Yafaa nawe ufanye vivyo hivyo kabla ya kupeleka msumeno popote.

KULAINISHA KWA MOTO

Hii ndiyo njia bora kwa mkulima, kwa sababu haihitaji chombo cha bei. Yahitaji makaa, mvukuto au feni ndogo ya kupulizia, koleo ndefu, sumaku, na debe lililojaa jivu kavu au chokaa kavu.

1. Washa makaa, upulize mpaka yawe mekundu sawasawa. Fanya kazi hii kivulini, kwa maana juani huwezi kuona rangi ya chuma.

2. Tia motoni sehemu ile utakayotoboa. Kipande kikiwa kifupi, kitie chote.

3. Chuma kikiwa chekundu, kiguse kwa sumaku iliyofungwa kwenye waya mrefu. Kama bado inanata, puliza zaidi. Chuma kikifika moto wa karibu digrii 770 za sentigredi, sumaku hainati tena. Ongeza moto kidogo tu kupita hapo. Kikitoa cheche kama fataki, umekichoma, nacho hakifai tena.

4. Kitoe upesi, ukizike ndani ya jivu mpaka kifunikwe kabisa. Jivu lazima liwe kavu. Jivu lenye unyevu hupoza chuma upesi, na kupoa upesi ndiko kunakorudisha ugumu.

5. Kiache usiku kucha. Watu wengi huharibu kazi hapa. Hukitoa baada ya saa moja, au hukimwagia maji kwa kuwa wana haraka, kisha husema moto haukufaa kitu.

Asubuhi pima tena kwa tupa. Ikila vizuri, uko tayari. Kama bado yateleza, rudia moto. Usiende kwenye drili.

Angalizo: usitie motoni bati wala chuma chochote kilichopakwa zinki. Moshi wake huleta homa na kifua. Usitie motoni shokomzoba wala chombo chochote kilichofungwa pande zote, kwani mafuta au hewa iliyo ndani yaweza kulipuka na kuua mtu.

KUTOBOA HATUA KWA HATUA

1. Funga kazi katika jiliwa, ambalo mafundi wengi huliita vaisi, au ibane kwa klampu juu ya meza nzito. Usiishike kwa mkono kamwe. Biti ikinasa, kipande huzunguka kama panga.

2. Tia alama kwa senta-panchi, ili biti isitangetange.

3. Anza na biti ndogo, kama ya milimita 4 au 5, kisha ile ya kipimo unachotaka. Hatua mbili zatosha. Ukipanua tundu mara nyingi kidogo kidogo, pembe za biti humeguka.

4. Punguza mwendo. Hapa ndipo drili ya mkononi inapodanganya watu, kwa kuwa nyingi huzunguka zaidi ya mara 2,000 kwa dakika. Kadiri biti inavyokuwa nene, ndivyo ukingo wake unavyokimbia zaidi, na ndivyo inavyopasa kuzungushwa polepole. Kwa stili iliyolainishwa, biti ya milimita 5 yatosha kuzunguka mara 800 kwa dakika, ya milimita 10 mara 400, na ya milimita 12 mara 330. Kwa stili ambayo haikulainishwa, kata hesabu hizo nusu. Kama drili yako haina gia ya kupunguza, bonyeza kidole kidogo tu, au tafuta drili ya kusimama yenye mikanda ya kubadilisha mwendo.

5. Kandamiza kwa uthabiti, bila kulegeza. Dalili ya kazi njema ni nyuzi za chuma zinazojikunja na kutoka. Ukiona vumbi tu, au ukisikia mlio mkali, simama papo hapo. Biti haikati tena, inasugua. Kusugua huleta moto, na moto huo huondoa makali ya biti na waweza kuzidisha ugumu wa mahali pale pale unapotaka kutoboa.

6. Tia mafuta tone kwa tone. Inua biti mara kwa mara kuondoa nyuzi, kisha rudi kazini kwa uthabiti ule ule.

7. Karibu na kutokea upande wa pili, punguza nguvu. Weka kipande cha mti mgumu chini yake. Hapo mwisho ndipo biti nyingi hunasa na kuvunjika.

KAMA HUWEZI KUTIA MOTONI

Yako mambo ambayo moto utayaharibu. Mfano ni kisu cha mashine ya kukatia majani ya ng'ombe: ukikilainisha chote, kitapoteza makali yake. Hapo nunua biti ya kobalti. Ndani yake imechanganywa kobalti, kwa hiyo huvumilia moto kuliko biti ya kawaida. Chagua yenye ncha butu ya digrii 135, kwa maana ncha ya kawaida ya digrii 118 haishiki vizuri juu ya chuma kigumu. Biti ya kobalti ni ngumu lakini yavunjika upesi ikipindwa, basi itumie katika drili ya kusimama, si ya mkononi.

Kwa chuma ambacho tupa yateleza juu yake, hata kobalti haitoshi. Yahitajiwa kabaidi. Mafundi wa mitaani wana hila yao: huchukua biti ya kutobolea ukuta, ambayo nchani ina kipande kidogo cha kabaidi, wakainoa kwa jiwe la almasi mpaka iwe na makali, kisha wakaitumia polepole juu ya chuma chembamba. Hila hiyo hufaulu. Lakini kabaidi ikiwa ya moto usiimwagie maji, kwa maana itapasuka, wala usiigonge.

KUTOBOA BILA UMEME

Si kila shamba lina stima, wala hupaswi kungoja stima ifike. Ukitembea Kamukunji, Shauri Moyo na Gikomba, masikio yatakuambia kazi ya huko kabla ya macho. Mafundi wa hapo walianza kazi chini ya jua kali, na ndipo walipopata jina lao. Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti juu ya ajira katika Kenya, ikaeleza ya kuwa kazi ndogo ndogo za namna hii zina faida kwa nchi. Mwaka 1985 Rais Moi aliwatembelea mafundi wa Kamukunji, na baadaye wakajengewa mabanda. Lakini ujuzi wao ni wa zamani kuliko mabanda: wahunzi wa kwetu walitoboa chuma kabla ya drili kujulikana.

Njia ni hii. Tia chuma motoni mpaka kipite wekundu na kuwa rangi ya chungwa inayong'aa. Kiweke juu ya fuawe. Weka panchi ya stili, iliyochongwa nyembamba nchani na yenye mpini mrefu, juu ya alama yako, ukapige mara tatu au nne kwa nyundo nzito. Toa panchi, uipoze majini, usiiache ikalainika. Geuza kazi. Upande wa pili utaona doa jeusi. Ndipo penye tundu. Rudisha motoni, kisha piga panchi juu ya doa lile, ukiwa umeweka kazi juu ya tundu la fuawe au juu ya nati kubwa, na kile kipande cha katikati kitaanguka chini. Usipige chuma kilichokwisha kuwa cheusi, maana kitapasuka.

Tundu la namna hii halipendezi kama la drili, lakini lina sifa moja: chuma kimesukumwa kando, hakikuondolewa chote, kwa hiyo pembeni pa tundu hubaki nyama nyingi.

KURUDISHA UGUMU

Jino lililolainishwa na kuachwa hivyo litapinda siku ya kwanza katika udongo mkavu. Basi baada ya kutoboa, rudisha ugumu, lakini katika ncha ile tu iingiayo ardhini. Sehemu ya bolti iache laini. Tundu katika chuma kigumu ndipo mahali nyufa zinapoanzia. Chuma laini huvumilia mtikisiko wa mawe.

1. Tia ncha motoni mpaka sumaku isinate.

2. Itumbukize katika mafuta ya kupikia yaliyopashwa moto kidogo, huku ukiizungusha. Usitumie maji kwa springi ya gari, kwani yaweza kupasuka. Mafuta yawe katika chombo cha chuma chenye kifuniko. Yakishika moto, funika, usimwage maji.

3. Jaribu kwa tupa. Ikiteleza, ugumu umerudi, lakini sasa ncha ni kama kioo.

4. Isugue mpaka ing'ae, kisha ipashe moto polepole kutoka nyuma. Utaona rangi zikitembea: kwanza manjano kama majani makavu, karibu digrii 230, kisha kahawia, kisha zambarau, karibu 280, kisha buluu, karibu 300. Kwa jino la kulimia, ngoja buluu ifike nchani, halafu uiache ipoe.

MACHO YAKO

Biti hununuliwa tena. Jicho halinunuliwi. Kipande cha biti iliyovunjika, au kibanzi cha nyundo iliyogongwa juu ya chuma kigumu, huruka upesi kuliko unavyoweza kufumba. Vaa miwani ya kukinga macho, nao watoto wanaopenda kusimama karibu waondoe. Usivae glavu unapotumia drili, kwa maana ikinaswa itavuta mkono wako. Funga mikono ya shati, na mwenye nywele ndefu azifunge. Kibanzi kikiingia jichoni usikitoe kwa kibiriti wala kwa ncha ya leso, wala usilisugue jicho. Lifunike bila kulikandamiza, uende hospitali siku hiyo hiyo.

MASWALI YA WAKULIMA

Swali: Je, naweza kutoboa springi na kuirudisha kwenye gari langu?

Jibu: Hapana. Springi iliyotobolewa tundu jipya au kutiwa motoni si springi tena. Hali kadhalika vyuma vya stelingi na vya breki. Hivyo hununuliwa, havitengenezwi nyumbani.

Swali: Biti yangu imekwisha makali. Niitupe?

Jibu: Usiitupe. Inolewe kwenye grainda, pande zote mbili sawasawa, huku ukiipoza mara kwa mara. Upande mmoja ukiwa mrefu kuliko mwingine, tundu litakuwa kubwa kuliko biti.

Swali: Nikimpelekea fundi wa Nairobi, nimwambie nini?

Jibu: Mwambie mambo matatu: kipimo cha bolti, upande uingiao ardhini, na chuma kilikotoka. Kisha muulize atalainisha kwa njia gani. Akikuambia atatoboa hivi hivi kwa sababu ana nguvu, tafuta mwingine.

Yule mzee wa Kaloleni alilala kwa mwanawe usiku ule, na chuma kikalala katika jivu. Asubuhi kijana akatoboa matundu mawili kwa biti moja, na kabla ya saa sita mchana mzee alikuwa njiani kurudi shambani, meno yake ya kultiveta yamefungwa katika gunia. Usiku mmoja wa kungoja ulimwokolea msimu mzima wa kupanda.

Basi, ndugu mkulima, usingoje mvua ya kwanza inyeshe ndipo utoke na tochi kutafuta springi. Kagua vyombo vyako wiki hii. Wahenga walisema subira huvuta heri, na kwa chuma kigumu subira hiyo ni usiku mmoja ndani ya jivu.